Kwa nini S haikatiki kwa kukunja karatasi

*Swali:* Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa stika na mapambo hapa Mwanjelwa, Mbeya. Herufi za harusi na mahafali nazikata kwa mkasi kwenye manila. A, M na T huwa nakunja karatasi, nakata nusu, nikifungua herufi inatoka safi. Binti yangu wa Darasa la Tano akaniambia pale ninapokunja panaitwa mstari wa ulinganifu. Nikafurahi, nikajaribu na N na S. N ikatoka M, S ikatoka kitu kama 3 inayotazama nyuma. Halafu kuna hili la shuleni: binti kaandika mstatili una mistari minne ya ulinganifu, mwalimu wake kamkosesha, anasema ni miwili. Mimi nilikuwa upande wa mtoto, maana ukikata mstatili kona kwa kona unapata vipande viwili sawasawa. Nani yuko sahihi? Na huo wima na mlalo nautofautishaje?

*Jibu:* Marahaba, fundi. Mwalimu yuko sahihi, mstatili una miwili tu. Wewe na binti mmetumbukia kwenye shimo ambalo nimewaona watu wazima wakitumbukia miaka yote niliyofundisha hesabu hapa Iringa, walimu wenzangu wakiwamo. Mimi mwenyewe nilitumbukia nikiwa chuoni, mbele ya darasa zima, chaki mkononi.

Usinisadiki kwa maneno. Chukua karatasi ya A4, ile ya kawaida ya kuchapia, sentimita 21 kwa 29.7. Ikunje kona kwa kona, mkunjo upite barabara kwenye kona mbili zinazotazamana. Sasa angalia zile kona mbili zilizobaki. Kama hapo pangekuwa na mstari wa ulinganifu, kona hizo zingekutana. Hazikutani. Zimepishana kwa sentimita 12 hivi, na karatasi imetoa masikio mawili kama paka. Ifungue, uikunje kwa urefu: kingo zinalaliana. Ikunje kwa upana: zinalaliana tena. Hiyo ndiyo miwili ya mwalimu. Minne aliyoitaja binti ni ya mraba. Kwenye mraba pande zote ni sawa, kwa hiyo ukikunja kona kwa kona masikio hayatokei, na mikunjo hiyo miwili inaingia kwenye hesabu.

Kosa lenu limejificha kwenye neno "sawasawa". Ni kweli ukikata mstatili kona kwa kona unapata pembetatu mbili zinazolingana kabisa, wala huhitaji mizani kulijua hilo. Lakini jaribu kuilaza moja juu ya nyingine. Itakubidi uiokote, uizungushe nusu mzunguko, ndipo ikae. Ulinganifu wa mstari hauruhusu kuokota wala kuzungusha. Unaruhusu kitendo kimoja tu, kukunja. Nusu ya huku iinuke, ipinduke juu ya mkunjo, itue juu ya nusu ya kule bila kubaki hata ukingo. Nusu moja iwe taswira ya nyingine kwenye kioo. Kugawa nusu kwa nusu peke yake hakutoshi. Umbo la msambamba, ule mstatili uliosukumwa ukaegemea upande, linaugua ugonjwa huohuo na zaidi: unaweza kuligawa nusu kwa nusu kwa njia nyingi, lakini mstari wa ulinganifu halina hata mmoja (isipokuwa pande zake zote ziwe sawa, na hapo linaitwa rombasi, lenye miwili ya kona kwa kona).

Najua kwenye stika huwezi kuwa hujawahi kukata bendera ya taifa. Itazame upya. Ni mstatili, na ule mkanda mweusi wenye kingo za njano umepita kona kwa kona, kutoka chini upande wa mlingoti hadi juu upande wa pili. Jicho linataka kuukubali mkanda ule kuwa mstari wa ulinganifu, kijani huku, bluu kule. Ukunje hapo uone: masikio yaleyale ya A4. Hata ukisahau rangi na kubaki na umbo tupu, bendera yetu haina mstari wa wima, wa mlalo, wala wa kona. Kinachobaki ni kule kuzungusha nusu mzunguko, nako kunafanya kazi kama rangi hazihesabiwi. Vuka Kasumulu uiangalie ya Malawi: milia mitatu iliyolala, na jua linalochomoza katikati ya ule mweusi wa juu. Hiyo ikunje kwa wima, kushoto kunatua juu ya kulia bila shida. Ikunje kwa mlalo, jua linaangukia kwenye kijani. Mstari mmoja tu.

Turudi kwenye S na N zako. Kutokana na kilichotoka naweza kukuambia hata ulivyokunja. N uliikunja kwa wima, ukachora nusu yake ya kushoto: nguzo, na kipande cha ule mti wa kukingama kinachoshuka hadi katikati. Ulipofungua, kipande hicho kikapata pacha anayepanda, na nguzo ikapata mwenzake. Hiyo ni M. Ungechora nusu ya kulia ungepata kitu kinachofanana na W yenye miguu iliyonyooka. S uliikunja kwa mlalo, ukachora nusu ya juu, ambayo tumbo lake liko kushoto. Mkunjo ukakupa tumbo la pili kushoto vilevile, wakati S halisi tumbo la chini liko kulia. Ndipo ukapata 3 ya kinyume. Ukiigeuza karatasi upande wa mgongo ni 3 ya kawaida kabisa, kwa hiyo usiitupe, mahafali hayakosi tarakimu.

N, S na Z ni ndugu wa ule mstatili uliokatwa kona kwa kona. Zina mpangilio, ndiyo maana jicho linazisifu, lakini ni wa kuzungushwa, hauna mkunjo. Geuza karatasi juu chini: N inabaki N, S inabaki S, Z inabaki Z. Wenye vitabu wanauita ulinganifu wa mzunguko. Mkasi wako hauna faida nao.

Sasa wima na mlalo. Maneno yenyewe si magumu, wima ni kama nguzo iliyosimama na mlalo ni kama mkeka uliotandikwa. Kinachowachanganya watoto ni kwamba mstari ukisimama wima, vinavyolinganishwa ni *kushoto na kulia*. Mtoto anasikia "wima", anawaza juu na chini, anaanza kulinganisha juu na chini. Mwambie binti aweke kiganja chake kama ukuta katikati ya herufi: huo ndio mstari wima, na macho yaende kushoto, kisha kulia. Halafu akilaze kiganja kama sakafu: huo ni mlalo, macho yaende juu, kisha chini.

Kwa wima, kioo cha dukani kinatosha. Kwa mlalo natumia maji. Aliyefika ziwa Ngozi asubuhi maji yakiwa yametulia ameona miti ya ng'ambo imesimama kichwa chini ndani ya ziwa. Pale maji yanapokutana na ufukwe ndipo mstari wa mlalo ulipo. Na kama Ngozi ni mbali, dimbwi baada ya mvua za Mbeya nalo ni kioo, na mvua hamna uhaba nazo.

Jambo moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka: mstari ni mali ya umbo, lakini jina la wima au mlalo ni mali ya ukurasa. Chukua C uliyoikata, uiangushe chali mdomo uangalie juu. Imekuwa U. Mkunjo uko palepale ulipokuwa, hakuna aliyeugusa, ila jana ulikuwa wa mlalo na leo ni wa wima. Kwa hiyo binti akiulizwa "mstari wa wima" kwenye mtihani, asiizungushe karatasi. Nimeona watoto wenye akili sana wakipoteza alama kwa kuzungusha karatasi ili waone vizuri.

Kwa herufi kubwa za Kiswahili, ambazo ni 24 kwa kuwa hatutumii Q wala X, hesabu inakwenda hivi. Za kukunja kwa wima ni A, H, I, M, O, T, U, V, W na Y. Za kukunja kwa mlalo ni B, C, D, E, H, I, K na O. Unaona H, I na O zimejitokeza mara mbili, maana zina mistari yote miwili, na hizo unaweza kukunja karatasi mara mbili ukakata robo tu. O ukiichora kama duara kamili ina mistari isiyohesabika, popote utakapokunja kupitia kitovu inakubali. Ukiichora kama yai lenye ncha mbili sawa, ni miwili tu. Zinazobaki bila mkunjo wowote ni tisa: F, G, J, L, N, P, R, S, Z. Kwa hiyo ukipewa kazi ya KARIBU, ni R peke yake itakayokusumbua. HONGERA ni kazi zaidi, N, G na R zote utazikata moja kwa moja.

Haya yote ni kwa herufi za kawaida zisizo na vikia, mistari yake yote ya unene mmoja. Mteja akikuletea mwandiko wa kitabuni, A yake huwa na mguu mmoja mwembamba na mmoja mnene, na hapo mkunjo umekufa. B nayo, hata kwenye mwandiko wa kawaida wa kompyuta, mara nyingi tumbo la juu ni dogo kidogo kuliko la chini. Wabunifu wanafanya hivyo makusudi ili isionekane kama imebeba kichwa kikubwa. Ukiikata kwa kukunja, matumbo yanatoka sawa kabisa. Mimi naipenda hivyo, lakini mteja mwenye jicho anaweza kukuuliza.

Kuhusu mkasi, wewe ndiye fundi, ila kuna mambo mawili niliyajifunza kwa hasara. Miaka ya nyuma shule moja niliyokuwa nafundisha iliniachia kazi ya kukata maneno ya mahafali usiku wa kuamkia siku yenyewe. Nikakunja manila zote kwa mpigo, nikachora nusu za herufi, nikakata kwa umahiri. Kumbe nilichora huku mgongo wa herufi ukiwa upande wa kingo zilizo wazi, si upande wa mkunjo. Nilipofungua sikuwa na herufi hata moja, nilikuwa na rundo la nusu nusu. Gundi ya usiku ule naikumbuka mpaka leo. La pili ni unene. Kitu chochote kinacholala juu ya mkunjo wenyewe, kama shina la T au ule mkono wa kati wa E, kichore nusu ya unene. Mkunjo utakiongeza mara mbili. Ukikichora kizima, T inatoka na shina kama mgomba wa Tukuyu.

Na matundu: tundu la A, la D na la O yako juu ya mkunjo, mkasi unaingilia hapohapo. Ya B hayako juu ya mkunjo. Pale mkunjo unapita kwenye mkono wa kati, tundu lenyewe limekaa pembeni, kwa hiyo B inataka kisu ingawa ina mstari.

Lakini faida kubwa ya jambo hili kwa kazi yako wala si kwenye kukata, ni kwenye kubandika. Umewahi kuingia ukumbini ukakuta HARUSI imeandikwa ukutani na S imegeuka? Au bango la rangi lenye N inayoinamia upande mwingine? Si kwamba aliyebandika hajui kusoma. Alikuwa na herufi zilizokatwa kwenye karatasi yenye rangi pande zote mbili, na akaokota N kwa upande wa mgongo. N ikigeuzwa mgongo haitengemai hata uizungushe vipi, kwa sababu haina mstari wa ulinganifu. Ndugu zake wale wanane wako hivyohivyo. Herufi yenye mstari haina mgongo. A ukiigeuza ni A. E ukiigeuza mdomo unaangalia kushoto, lakini izungushe nusu mzunguko, imerudi kuwa E. Kwa hiyo vijana wako wanaobandika, waandikie alama ya penseli nyuma ya zile tisa tu. Kumi na tano nyingine waache wabandike hata gizani.

Kwenye vioo vya magari jambo ni hilohilo. Stika ya nje ukiisoma ukiwa ndani ya gari unaiona kwa mgongo, yaani imepinduliwa kwa mstari wa wima. Ndiyo maana baadhi ya magari ya wagonjwa neno AMBULANCE huandikwa kinyume kwenye pua ya gari. Dereva wa lori aliye mbele, huko kwenye kona za Kitonga, analiona kwenye kioo chake likiwa limenyooka, anapisha. Ila angalia mtego: MAMA, herufi zake zote zina mstari wa wima, lakini ukiwa ndani ya gari unasoma AMAM. Kila herufi iko sawa, neno haliko sawa. Pilipili HOHO nayo inageuka OHOH. Neno zima likubali kioo cha wima lazima herufi zote ziwe za wima *na* neno lisomeke sawa kutoka mbele na kutoka nyuma. AMA linakubali. Refu zaidi ninalolijua kwa Kiswahili ni UTATU, na mwenye gari akitaka neno la kusomeka ndani na nje kwa stika moja, mpe hilo.

Kwa mlalo hakuna mtego huo. Neno lolote lenye herufi za mlalo tupu lina mstari mmoja unaolipasua katikati kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, na unaweza kulikata lote kwa mkunjo mmoja mrefu: DEBE, KOBE, KIBOKO, DODOKI, CHEKECHE. Ninalolipenda kuliko yote ni KIOO. Liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, simamisha kioo juu ya neno hilo, uso wa kioo ukikuangalia. Ndani ya kioo utasoma KIOO. Binti akilibeba hilo shuleni, nadhani mwalimu atamrudishia heshima yake yote.

Na maneno ya herufi za wima yanakatika kwa mkunjo mmoja pia, mradi uyaandike kwa kushuka, herufi chini ya herufi, kama kibao cha nguzoni: MAUA, MTAMA, MTOTO. Huko kwenu kuna mji mmoja unaokubali, makao makuu ya mkoa wa Songwe. Kata utepe mrefu wa manila, ukunje kwa urefu, na kwenye mkunjo uchore nusu ya V, chini yake nusu ya W, kisha A, W, na A ya mwisho. Ukifungua una VWAWA nzima.

Tukuyu ilinipa matumaini, nikaandika T, nikaandika U, halafu K ikaniharibia.